Karanga, Mibuyu na Reli Iliyong'olewa: Kutoka Kongwa hadi Mpwapwa

Alhamisi, Dodoma mjini

Bagamoyo kuna geti. Kilwa kuna tiketi, boti na mwongozaji anayekupitisha ukuta kwa ukuta. Ndiyo maana mtu wa Dodoma akitaka kuona magofu hufunga safari ya Pwani, na akirudi anatuonyesha picha za Kaole kwenye simu. Mimi nilikuwa na likizo. Shemeji yangu alikuwa na pikapu kuukuu na mzigo wa mahindi wa kufuata Kibaigwa. Tukakubaliana kwamba kabla ya mahindi tuzunguke Kongwa na Mpwapwa, tutazame wakoloni waliacha nini Ugogo. Mafuta yakawa juu yangu, maneno juu yake, na hayo hayakupungua njia nzima.

Tulianzia stesheni ya zamani. Reli ya Mjerumani ilianza Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Morogoro 1907, Dodoma 1910, Tabora 1912 na Kigoma 1914, mwaka uleule vita vilipolipuka. Siku hizi wasafiri wengi wamehamia treni ya umeme iliyoanza kufika Dodoma 2024, kwa hiyo ukienda pale mchana unaweza kutembea kwenye jukwaa bila kukanyagana na mtu. Mlinzi mmoja alitaka kujua tunapiga picha za nini. Shemeji akamjibu, "Za historia, kaka." Mlinzi akatuangalia kwa huruma, akatuacha.

Jambo moja nilitaka kulikariri kabla ya kutoka mjini, kwa kuwa lingetufuata kila tutakapokwenda. Ugogo una mvua ya msimu mmoja, Desemba hadi Aprili, na kwa kawaida haifiki milimita 600 kwa mwaka. Mgeni yeyote aliyekuja kukaa hapa, awe wa msafara, wa misheni, wa jeshi au wa shamba, alianza na swali la maji. Treni ya mvuke ilikuwa na kiu kuliko kundi la ng'ombe. Kwa hiyo ukitaka kujua kwa nini jengo la kale liko pale lilipo, uliza kwanza maji yalikuwa wapi. Na ukitaka kujua kwa nini limeachwa, uliza swali hilohilo.

Jioni tulikula ugali wa uwele na mlenda karibu na soko la Majengo. Tukalala mapema.

Ijumaa, Kongwa

Tuliondoka alfajiri. Ihumwa, Chamwino, Buigiri, halafu Chalinze, ambayo shemeji huona ni wajibu wake kumweleza kila abiria kwamba siyo ile ya Pwani. Ilikuwa Septemba: mibuyu haina jani hata moja, ardhi imepauka, upepo unanyanyua vumbi jekundu na kulipeleka barabarani kwa pamoja. Mbande tukakunja kulia, tukaiacha barabara kuu ya Morogoro, na baada ya muda mfupi vilima vya Kongwa vikaonekana mbele.

Kwa wengi Kongwa ni jina la wilaya tu. Lakini kwa miaka michache baada ya Vita vya Pili vya Dunia lilikuwa jina lililotajwa katika Bunge la Uingereza kila wakati, kwanza kwa majivuno, baadaye kwa fedheha. Uingereza ilikuwa imetoka vitani ikiwa na njaa ya mafuta ya kula. Mwaka 1946 Frank Samuel, mkuu wa kampuni ya United Africa, akapeleka wazo serikalini: tulime karanga Tanganyika. John Wakefield, aliyewahi kuwa mkurugenzi wa kilimo hapa nchini, akatumwa na wenzake kukagua. Walizunguka kwa wiki tisa, sehemu kubwa kwa ndege, wakarudi na jibu zuri. Mpango ukawa kufyeka zaidi ya ekari milioni 3, nyingi zikiwa Tanganyika, Kongwa, Urambo na Nachingwea, na Kongwa ndiyo ianze kwa ekari 150,000.

Wiki tisa! Shemeji, ambaye kabla ya kukodi shamba la ekari nne alilitembelea misimu miwili mizima, alirudia maneno hayo mara kadhaa kwa sauti ya mtu aliyeibiwa.

Niliyoyafuata Kongwa hayapo mahali pamoja. Yametawanyika, na unayapata kwa kuuliza. Mtu wa bodaboda alitupeleka nje kidogo ya mji, na hapo tukaanza kuyaona: sakafu ya zege isiyo na ukuta, imepasuka na kuota majani katikati, mbuzi wamejilaza juu yake kwa kuwa imepata joto. Mbele kidogo sakafu nyingine, halafu ngazi tatu za zege zinazopanda kwenda hewani. Hakuna uzio wala kibao. Mwanamke mmoja alikuwa ameanika mtama kwenye sakafu moja, amezunguka na ufagio wake. Tulimwamkia, tukaomba ruhusa ya kupita. Alicheka: "Piteni tu, msikanyage mtama wangu."

Hapo ndipo tulipompata mzee. Alikuwa amekaa kivulini na fimbo yake, akaanza yeye: "Mbukwenyi." Shemeji akaitikia vizuri, "Mbukwa," na kuanzia hapo tukawa wajukuu. Mzee alikuwa mtoto mdogo mashine zilipofika. Anakumbuka mlio kabla ya sura: walizisikia usiku, watu wakatoka nje ya tembe wakifikiri ni mvua inakuja kutoka upande usio wa kawaida. Baba yake alipata kibarua cha kufyeka, akaacha, akarudi tena. "Walikuwa wanalipa," alisema, "lakini chakula kilipanda bei kwa ajili yao haohao, kwa hiyo ulichopata mkono huu kilitokea mkono huu."

Nilichokuwa nimesoma na alichosimulia vilikutana vizuri. Matrekta mengi yalikuwa makuukuu, masalia ya jeshi yaliyonunuliwa mpaka Ufilipino. Yalishushwa bandari ya Dar es Salaam, yakapandishwa kwa reli moja ambayo mafuriko ya Kinyasungwe yaliweza kuikata yakitaka. Vifaru vya vita vya Sherman viligeuzwa kuwa matrekta kiwandani Uingereza, vikaitwa Shervick. Mwaka wa kwanza haujaisha, theluthi mbili ya matrekta yalikuwa yamelala karakana. Kichaka cha Kongwa hakikukubali kung'olewa kwa kusukumwa. Mtu akabuni kufunga mnyororo wa nanga ya meli kati ya matingatinga mawili na kuuburuta, miti ikilala kwa mstari. Inasimuliwa kwamba agizo la mnyororo lilipofika London, makarani walidhani ni mzaha, maana meli gani inaelea Ugogo, wakalifuta.

Na mibuyu. Mbuyu haukatwi kwa tingatinga ukaanguka kistaarabu. Ni mnene, una maji ndani, na mara nyingi una nyuki. Wafanyakazi walipelekwa hospitali kwa kuumwa na nyuki kabla hawajaona punje ya karanga. Mingine ilikuwa miti ya matambiko, na hapo mgogoro haukuwa wa injini tena. Mzee alituonyesha mmoja uliosalia, mkubwa kiasi cha kuingia watu watano kwenye mpasuko wake, na kutuambia uliachwa kwa sababu wazee walikataa. Ukitazama ulipo, katikati ya eneo lililosawazishwa kabisa, unaamini.

Kilichowashinda hasa ni udongo. Mvua ikinyesha, mfinyanzi huu unashika magurudumu. Mvua ikikata, jua linauoka mpaka unakuwa tofali. Karanga huzaa chini ya ardhi. Fikiria sasa kuingiza jembe kwenye tofali kuchimba karanga, na ndani yake kuna mchanga mkali unaosaga chuma. Mgomo wa makuli wa Dar es Salaam wa 1947 nao ukasambaa kando ya reli mpaka huku. Lengo la ekari 150,000 likapunguzwa, likapunguzwa tena. Waziri wa Chakula, John Strachey, alitetea mradi bungeni hadi maneno yakamwishia. Januari 1951 serikali ikatangaza kuufuta, na pauni milioni 36 zikafutwa pamoja nao.

Mchana kwenye kibanda tulikula nyama choma. Shemeji alikuwa bado anapiga hesabu ya pauni milioni 36 kwa magunia.

Alasiri mzee alituongoza kwenye kitu nilichotaka kukiona kuliko sakafu zote: tuta la reli. Mradi ulijengewa tawi lake kutoka stesheni ya Msagali kwenye Reli ya Kati. Mradi ulipokufa, reli iling'olewa. Chuma kilikwenda, mataruma yakaenda, lakini tuta lilibaki, mgongo mrefu wa udongo unaonyooka kupita kawaida ya vitu vya porini. Watu wanalitumia kama njia ya miguu kwa kuwa liko juu, na masika halijai matope. Tulilitembea karibu nusu saa. Kilichonigusa ni kwamba hili ndilo jengo kamili kuliko yote tuliyoyaona siku hiyo, na hakuna mtu aliyelihifadhi. Lilihifadhiwa na miguu.

Jumamosi, bado Kongwa

Nilidhani siku moja ingetosha. Haikutosha, kwa kuwa Kongwa ina gofu juu ya gofu.

Wazungu wa mradi walijenga pia shule ya bweni ya watoto wao. Ilifunguliwa 1948, ikaendelea hata baada ya karanga kushindikana, ikafungwa 1958 wanafunzi walipohamishiwa Iringa, kwenye majengo ambayo leo ni ya Mkwawa. Nyumba zikabaki wazi, na ardhi iliyofyekwa ikabaki pia. Sehemu yake ikawa ranchi ya ng'ombe, matumizi ambayo mfugaji yeyote wa Kigogo angewashauri tangu mwanzo kama angeulizwa.

Halafu ikaja 1964. Umoja wa Nchi Huru za Afrika ulikuwa umeunda Kamati ya Ukombozi mwaka uliotangulia, makao yake Dar es Salaam, na Tanganyika ikatoa mahali pa kuwaweka wapiganaji. Kongwa ilikuwa na kila walichohitaji: majengo matupu, njia, na umbali wa kutosha kutoka mpaka wowote. FRELIMO ya Msumbiji ikaja. ANC ya Afrika Kusini ikaja, SWAPO ya Namibia, MPLA ya Angola, ZAPU ya Zimbabwe. Samora Machel, baada ya mafunzo Algeria, aliongoza kambi ya FRELIMO hapa. Chris Hani wa ANC alikaa hapa. Kundi la SWAPO lililotoka hapa ndilo lililoingia Namibia na kukutana na jeshi la Makaburu kule Omugulugwombashe Agosti 1966. Ukisimama mbele ya nyumba ndogo ya matofali yenye dirisha lililozibwa kwa bati, ni vigumu kuyaweka mambo hayo ndani yake.

Leo baadhi ya majengo yale yana wanafunzi, mengine yana familia, mengine hayana paa. Makaburi ya wapigania uhuru yanatunzwa. Tulikuta yamefagiliwa. Wageni kutoka Namibia na Afrika Kusini huja kuyatembelea, na mara nyingi ndio wanaouliza maswali ambayo sisi hatujawahi kuuliza. Mama mmoja jirani na hapo alituambia wapo Kongwa watu wazima waliozaliwa na baba wa Kusini ambao waliondoka na vikosi vyao mwaka 1969, ANC ilipoondoshwa, na baadhi ya baba hao hawakurudi. Alisema hivyo akiendelea kuchambua mchicha. Sikuuliza zaidi, si jambo la kuuliza mtu uliyekutana naye saa nne asubuhi.

Hapa shemeji na mimi tukabishana vizuri. Yeye anaona serikali izungushe uzio eneo zima, iweke geti, itoze kiingilio, vijana wapate kazi. Kolo kule Kondoa, anasema, michoro ya miambani imo kwenye orodha ya urithi wa dunia tangu 2006, kuna ofisi, kuna mwongozaji, na watu wanakwenda. Mimi sipingi kiingilio. Ninaloliona ni kwamba sheria yetu ya mambo ya kale ilipitishwa 1964, mwaka huohuo kambi ilipoanza, na ulinzi wake wa moja kwa moja ni kwa vitu vya kabla ya 1863. Cha baada ya hapo hulindwa pale tu waziri anapokitangaza rasmi. Boma la Mjerumani, stesheni, sakafu ya mradi wa karanga, bweni la Samora, vyote ni vijana mno mbele ya sheria. Kwa hiyo vinapona kwa njia moja tu: mtu akipata kazi navyo. Nyumba yenye mpangaji ina paa. Nyumba iliyoachwa "kwa heshima ya historia" inang'olewa bati ndani ya msimu mmoja.

"Kwa hiyo unataka wapangaji kwenye makumbusho," shemeji alisema.

"Nataka bati libaki juu, shem. Aliye chini yake tutazungumza naye."

Hakukubali, na sikutegemea akubali. Tulilala nyumba ya wageni yenye maji ya ndoo. Bomba lilikuwa limekauka tangu Alhamisi. Mhudumu alituomba radhi kana kwamba ni yeye aliyechagua Kongwa mwaka 1946.

Jumapili, njia ya Chunyo na Mpwapwa

Kutoka Kongwa kwenda Mpwapwa ni mwendo mfupi kwa gari, ukiwa na safu ya Kiboriani pembeni. Zamani kipande hiki cha nchi kilikuwa na sifa mbaya kuliko chote kati ya Pwani na Tabora. Misafara ya pembe na watumwa iliyotoka Bagamoyo ilipofika Mpwapwa ilipumzika, kwa kuwa hapo palikuwa na kijito cha maji matamu na chakula cha kununua. Mbele yao kulikuwa na Chunyo, yenye maji ya magadi, halafu Marenga Mkali, nyika isiyo na maji kabisa mpaka uingie Ugogo penyewe. Na ukiingia Ugogo, watemi wanakusubiri wakudai hongo, yaani ushuru wa kupita, kwa haki kabisa: visima ni vyao, wamevichimba wao, na msafara wa watu mia nane unaweza kukausha kisima kimoja kwa usiku mmoja. Waandishi wa Ulaya wamejaza kurasa wakilalamika kuhusu hongo hiyo. Sijasoma hata mmoja aliyehesabu ndoo.

Tulisimama Chunyo. Shemeji alionja maji, akatema, akasema sasa anawaelewa.

Mpwapwa ni mji wa kupendeza, mteremko wenye miti, milima nyuma yake. Jumapili ile kengele za kanisa zilikuwa zinalia. Wamisionari wa Kianglikana wa CMS walifungua kituo hapa miaka ya 1870, wakiwa njiani kuelekea Uganda, na baadaye kingine Kisokwe karibu na hapa. Lakini kabla yao alishapita Stanley, mwaka 1871, akimtafuta Livingstone, na alimwacha hapa mwenzake William Farquhar aliyekuwa mgonjwa. Farquhar alifia Mpwapwa. Kwa hiyo katika Wazungu wa kwanza kubaki hapa moja kwa moja, yumo mmoja aliyebaki kwa kushindwa kuendelea.

Tulianza kuuliza boma. Hili lilikuwa zoezi. Kijana wa kwanza alitupeleka kwenye jengo la ofisi lenye ukuta mnene. Wa pili akatupeleka kwenye msingi wa mawe nyuma ya migomba, akasema kwa uhakika, "Hili la Mjerumani." Wa tatu akasema hilo siyo, la Mjerumani liko kule. Huku kwetu kila kitu kikuukuu chenye mawe ni cha Mjerumani, hata kama kilisimamishwa na Mwingereza, na hata kama kila jiwe lake lilibebwa na kuwekwa na fundi wa Kigogo au Mnyamwezi. Mjerumani alikaa hapa miaka isiyofika thelathini. Nadhani ametunukiwa mawe mengi kuliko aliyoyapanga.

Mambo yaliyotokea yanajulikana vizuri. Kampuni ya Wajerumani ilikuwa na kituo kidogo Mpwapwa. Watu wa Pwani walipoinuka dhidi yao 1888, kiongozi wao Bushiri bin Salim alipobanwa ufukweni aliingia bara, na katikati ya 1889 akakishambulia kituo hiki na kukichoma. Mjerumani mmoja aliuawa, mwingine akatoroka usiku. Misheni nayo haikupona. Vuli ya mwaka huo Wissmann, kamanda wa Wajerumani, akapanda na jeshi lake, akajenga ngome. Novemba Stanley akapita tena, safari hii akitokea upande wa pili na Emin Pasha, gavana aliyekwenda kumwokoa, wakaikuta bendera ya Kijerumani imeshapandishwa. Desemba Bushiri alikamatwa, akanyongwa Pangani. Yote hayo ndani ya mwaka mmoja. Mpwapwa ikawa mlango wa utawala wa Kijerumani kuingia bara.

Tulikaa kwenye mteremko juu ya kijito na kunywa soda. Ukitazama kutoka hapo unaelewa bila kusimuliwa: aliyeshika maji haya aliishika njia. Kijito chenyewe Septemba ni kamba nyembamba tu, kuna wanawake wanafukua mchanga pembeni kupata maji safi zaidi.

Kuna gofu jingine la Ugogo ambalo halina ukuta wowote, na ilikuwa zamu yangu kulizungumzia. Katika Vita vya Kwanza majeshi ya pande zote mbili yalipita hapa, yakachukua nafaka, ng'ombe na wanaume wa kubeba mizigo. Mvua ikakosa. Njaa iliyofuata, ya 1917 hadi 1920, Wagogo wanaiita Mtunya. Shemeji, aliyekuwa hajanyamaza tangu Dodoma, alinisikiliza hadi mwisho, kisha akasema bibi yake alikuwa akihesabu umri wa watu kwa njaa hiyo: huyu kabla ya Mtunya, huyu baada. Nilimwuliza kwa nini hakuwahi kunieleza. "Hukuniuliza. Wewe unauliza mawe."

Jumatatu, Gulwe na kurudi

Asubuhi tulipita nje ya taasisi ya utafiti wa mifugo. Idara ya mifugo ya Mwingereza iliweka makao yake Mpwapwa, na kati ya vyote alivyoacha, hiki ndicho pekee nilichokiona kikitembea: ng'ombe wa Mpwapwa, aina iliyotengenezwa hapa kwa kuchanganya zebu wetu na Sahiwal na Red Sindhi kutoka Asia ya Kusini, na damu kidogo ya Ulaya. Mwekundu, ana nundu, anavumilia ukame kuliko ng'ombe wa kizungu na anatoa maziwa kuliko wa kienyeji. Wachache walikuwa wanavuka barabara. Shemeji alisimamisha gari kuwatazama muda mrefu kuliko alivyotazama boma lolote, akauliza bei ya mtamba. Mchungaji akacheka.

Kisha tukashuka Gulwe kwenye reli. Hapa unaona njia mbili kwa pamoja: ile nyembamba ya zamani, na ile pana ya SGR yenye nguzo za umeme. Kipande cha Kilosa hadi Gulwe kimeitesa Reli ya Kati tangu enzi za mvuke. Milima ikimwaga maji, tuta linaondoka, na Kongwa ya 1947 ilikaa ikisubiri mashine zilizokwama huku chini. Nchi inayokosa maji miezi saba inaangushwa na maji mwezi unaofuata. Wajenzi wa reli mpya wameinua njia na kutoboa mahandaki upande wa Kilosa. Msimamizi mmoja wa kipande cha zamani, aliyekuwa anakagua kokoto kwa miguu, alituambia masika ndiyo huwa yanamwonyesha nani alijenga vizuri.

Njiani kurudi tulibishana jambo moja kutoka Kongwa mpaka Mbande: kama tungepewa fedha za kibao kimoja tu kwa Kongwa na Mpwapwa nzima, tungekisimamisha wapi? Shemeji alisema makaburini, au Chunyo, ili watu wajue hongo ilikuwa ya nini. Mimi nilisema kwenye tuta la reli iliyong'olewa, kwa sababu makaburi yana watu wanaokuja kuyafagia na tuta halina mtu. Ningeandika namba mbili tu: pauni 36,000,000, na chini yake milimita za mvua za mwaka.

"Kibao cha chuma?" shemeji aliuliza.

"Cha chuma, ndiyo."

"Kwenye tuta ambalo reli yake yenyewe imekwenda? Wiki haiishi kimeshafika kwa wanunuzi wa vyuma chakavu."

"Basi kiwe cha zege."

"Cha zege sawa," alisema, akakunja kuelekea Kibaigwa. "Lakini kiwe kipana, watu wapate pa kuanikia mtama."